Kodi Iliyorudi Ikanikuta Nimefilisika

Kwetu Ujiji mtu akisema fulani kafilisika, mara nyingi anamaanisha duka lake limebaki na rafu tupu na siku hizi mwenyewe anapita njia za nyuma. Mimi nilifilisika kwa karatasi. Jaji alitia saini, karani akagonga muhuri, na tangu saa ile vyote nilivyokuwa navyo vikahama mkononi mwangu: duka la jumla pale Mwanga pamoja na stoo yake, kiwanja nilichonunua kando ya barabara ya Kasulu, gari dogo la mizigo, hata kile kidogo kilichokuwa benki. Vilikabidhiwa kwa mfilisi, yaani ofisa ambaye kazi yake ni kukusanya mali ya mtu aliyeshindwa na madeni, kuiuza, na kuwagawia wanaomdai kila mmoja kwa kiasi chake. Niliachiwa nguo, vitanda, vyombo vya kupikia na cherehani. Nyumba ya Ujiji ilisalimika kwa sababu haikuwa yangu. Ni ya kaka yangu, fundi mstaafu wa injini za meli, ambaye alitupa vyumba viwili vya uani mimi na binti yangu na hakutaka hata tuzungumzie kodi ya pango.

Kabla ya hapo nilikuwa napeleka bidhaa ng'ambo, upande wa Kongo. Sabuni, mafuta ya kula, ndoo, mabeseni, magodoro. Mzigo ulipakiwa Kibirizi kwenye boti za mbao, na manahodha wote nilikuwa nawajua kwa sauti kabla sijawaona. Mume wangu alifariki binti yetu akiwa darasa la pili, kwa hiyo biashara ile ndiyo iliyotulisha na kumsomesha. Mwaka mmoja nikapata oda kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, magodoro hasa, nikaamua kuitimiza yote kwa mkupuo mmoja. Nilichukua mkopo benki. Nilichukua mali kwa ahadi kutoka kwa msambazaji wa Dar es Salaam. Pengo lililobaki nililiziba kwa fedha ya shoga yangu.

Shoga yangu huyo ni Muha wa Kasulu, Mkristo, anauza vitenge sokoni Mwanga. Tulianza biashara mwaka mmoja, meza zetu zimegusana, yeye akinifundisha Kiha cha kutaniana na wateja na mimi nikimfundisha kupika pilau lisilogandamana. Alikuwa amejiwekea fedha ya kuezeka nyumba yake. Alinipa yote, imefungwa kwenye kipande cha kitenge, bila kuandikishana, akasema tu kwamba angeihitaji kabla ya mvua.

Boti iliondoka ziwa likiwa limetulia. Njiani injini ikazima, upepo ukageuka na maji yakaanza kuingia. Nahodha akaamuru mzigo utupwe ili watu wapone, na wote walipona. Nilipopigiwa simu nilimshukuru Mungu kwa ajili ya watu, kisha nikakaa sakafuni mle stoo na sikuweza kusimama mpaka walipokuja kuniinua. Mzigo haukuwa na bima. Magodoro huelea, baadaye nilisikia kuna vijiji vya mwambao ambavyo watu wake walilala vizuri sana mwaka ule.

Nilihangaika kwa miezi mingi. Nililipa huku nikakopa kule, nikauza kwa hasara ili nionekane bado nauza. Aliyenifungua macho ni mhasibu wangu, mzee mmoja mwembamba wa Mwanga ambaye ndiye aliyekuwa akinijazia mambo ya kodi. Aliniambia, "Mama, unajimaliza. Nenda mahakamani mwenyewe, useme umeshindwa, sheria ikusimamie." Nililia siku mbili, halafu nikaenda.

Siku wanaonidai walipoitwa kukutana, shoga yangu alikuja. Mimi ndiye niliyemwandika kwenye orodha, maana yeye hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha. Alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, amevaa kitenge cha rangi ya zambarau, hakuniangalia. Baada ya siku ile hatukusemezana tena. Mvua zikanyesha na nyumba yake haikuwa na bati. Nilipata habari kwamba amehamia kupanga chumba, na tangu hapo kila nilipopita soko la Mwanga nilizunguka kwa upande wa mafundi cherehani ili nisipite mbele ya meza yake.

Nikaenda kufanya kazi Kibirizi, kwenye vichanja vya dagaa. Kazi yenyewe ni kuanika, kugeuza, kuchambua, kufungasha. Wanawake niliokuwa nao wengine niliwahi kuwauzia sabuni kwa katoni. Wiki ya kwanza walinyamaza nikifika. Wiki ya pili mmoja akanipa kanga yake nijifunge kichwani kwa sababu ya jua, na mambo yakawa ya kawaida.

Huko ndiko simu ilikonikuta. Ilikuwa asubuhi, zaidi ya miaka miwili tangu karatasi ile igongwe muhuri. Kijana wa ofisi ya kodi alinisalimia kwa adabu, akahakikisha jina, kisha akasema, "Mama, lile dai lako la marejesho ya kodi limekaguliwa na limekubaliwa. Tunaomba ufike ofisini."

Nilimwuliza dai gani. Akanitajia mwaka. Ulikuwa mwaka wa boti.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mfanyabiashara wa kiwango changu, mwaka unapoanza, hukadiria faida atakayopata, akalipa kodi ya faida hiyo kwa awamu nne. Mwaka ule nilikadiria faida kubwa kwa sababu ya ile oda, na nilikuwa nimeshalipa awamu mbili mzigo ulipotupwa ziwani. Mwaka ulipokwisha, hesabu zikaonyesha hasara tupu. Kwa hiyo nilikuwa nimelipia faida ambayo haikuwepo. Mzee mhasibu alijaza fomu za mwaka, akaandika na barua ya kuomba kilichozidi kirudishwe, akaniletea nisaini. Nilisaini bila kusoma. Wakati ule nilikuwa nasaini vitu vingi.

Nilinawa mikono kwa sabuni mara tatu na harufu ya dagaa haikutoka. Nikapanda bajaji hadi mjini. Yule kijana akanionyesha karatasi: juu kiasi kilichozidi, chini yake kiasi walichokata kwa sababu kulikuwa na kodi ya zuio, ile niliyotakiwa kuikata kwenye pango la ghala nililokuwa nimekodi Kibirizi, ambayo sikuwahi kuipeleka, na chini kabisa kilichobaki. Kilichobaki kilitosha kumlipia binti yangu chuo cha uuguzi miaka yote mitatu, na bado tungenunua kitanda kipya.

"Tunahitaji namba ya akaunti tu, mama," alisema. "Iwe ya jina lako."

"Sina akaunti kwa sasa."

"Fungua yoyote. Ukiwa nayo leta, sisi tutamalizia."

Hakuniuliza kingine chochote, na mimi sikumwambia. Niliikunja ile karatasi nikaitia ndani ya sidiria kama nilivyokuwa nikifanya zamani na fedha za mauzo, na nikarudi Ujiji kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Sikuwa najua kama nafurahi au naogopa.

Kaka yangu alikuwa uani akitengeneza pampu ya jirani. Nilimwonyesha. Aliisoma mara mbili, akafuta mikono na kuisoma tena.

"Hii ni hela yako," alisema.

"Sijui kama ni yangu."

"Kodi ulilipa wewe, kwa jasho lako. Serikali inasema ulizidisha, inakurudishia wewe, kwa jina lako. Hao wanaokudai walishachukua duka, wakachukua gari, wakachukua kiwanja. Hapa wanahusikaje?"

"Mfilisi aliniambia nikipata chochote nimwarifu."

"Ukipata. Hii hukupata, ilikuwa yako tangu zamani." Kaka yangu si mtu mbaya, na hoja yake ilinikaa vizuri kichwani, vizuri mno. "Kesho nenda kafungue akaunti. Ikiingia, itoe siku hiyo hiyo, mlipie mtoto ada yake yote. Wakija kuuliza, watakuta imeshaliwa na shule."

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la mchele. Alikuwa ameshachaguliwa chuo na zilibaki wiki mbili za kuthibitisha nafasi. Alingoja mjomba wake aingie kuswali. Ndipo akaniambia polepole, akiendelea kuchagua mawe kwenye mchele, "Mama, nisipolipa, nafasi yangu watampa mwingine."

Asubuhi nilikwenda benki. Nilipanga foleni, nikapewa fomu, nikakaa kwenye kiti cha plastiki na kuanza kuandika. Jina, mahali nilipozaliwa, kazi. Kwenye kazi nikaandika kuchambua dagaa. Nikafika mahali wanapouliza chanzo cha fedha zitakazoingia. Kalamu ikasimama pale.

Ningependa kusema kwamba uaminifu ndio ulionisimamisha, lakini kwanza ilikuwa hofu. Niliwaza kesi, niliwaza kurudi mbele ya jaji yule yule. Kisha nikafikiria shoga yangu na chumba chake cha kupanga. Ile fedha niliyoilipa kodi mwaka ule, awamu ya pili, nililipa wiki moja baada ya yeye kunipa kile kitenge kilichofungwa. Sijui kama ilikuwa ndiyo ile ile. Fedha haina alama. Lakini nikiwa nimekaa pale nilijua kwamba nisingeweza kuapa kwamba haikuwa ile ile. Nikaiacha fomu kaunta, nikamwambia dada wa pale kwamba nitarudi, nikatoka.

Ofisi ya mfilisi wangu ilikuwa mwendo mfupi kutoka pale. Alikuwa mwanasheria, mwanamke wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, asiyependa maneno mengi. Katika miaka ile nilikuwa nikimwogopa kama ninavyomwogopa daktari wa meno. Alikuwa anakunywa chai ya tangawizi na faili limefunguliwa mbele yake. Nilimpa karatasi na kukaa bila kuambiwa.

Aliisoma. "Mama, umeipata lini hii?"

"Jana."

"Umeshawapa akaunti?"

"Hapana. Nimetoka benki sasa hivi. Nilianza kujaza fomu nikaiacha."

Alinitazama kidogo, akaandika kitu pembeni mwa karatasi. Kisha akaanza kuniuliza taratibu, kama mwalimu.

"Kodi hii ni ya mwaka gani?"

"Mwaka mzigo ulipotupwa."

"Na amri ya kufilisika ilitoka lini?"

"Mwaka uliofuata, baada ya mfungo."

"Basi siku amri inatoka, haki ya kudai fedha hii ulikuwa nayo tayari. Hukuwa umeishika, lakini ilikuwepo. Mimi naihesabu kama stoo au kama gari. Ni sehemu ya mali inayokwenda kwa wanaokudai."

Nilikuwa nimeshalijua jibu, lakini kulisikia ni kitu kingine. Nilimwuliza, maana nilitaka kuelewa, ingekuwaje kama kodi iliyozidi ingekuwa ya mwaka wa sasa.

"Hiyo ningeitazama. Bado mahakama haijakuachilia, yaani haijakutoa kwenye ufilisi na madeni yake, kwa hiyo unachopata sasa nakiangalia pia, ila lazima nikuachie cha kukutunza wewe na mtoto. Kodi ya kipato utakachopata baada ya mahakama kukuachilia, hiyo ikizidi na ikirudi, ni yako. Wanaokudai wa zamani hawaigusi."

"Na kama ningeichukua hii?"

"Ofisi ya kodi ingeniandikia mimi. Si leo, lakini ingeniandikia. Ningelazimika kumwambia jaji kwamba ulificha, na hilo ni kosa. Usingeachiliwa kwa muda mrefu." Alisema bila ukali, kama mtu anayesoma bei. Kisha akageuza kurasa za faili hadi nyuma kabisa, akatoa kikokotozi na kubonyeza kwa muda. Nikatazama mikono yangu.

"Mama," alisema, "kuna jambo jingine. Jaji anapoombwa kumwachilia mtu, anaangalia mengi, na mojawapo ni kama mali iliyokusanywa inafika angalau nusu ya madeni. Yako ilikuwa chini kidogo ya nusu. Kidogo tu. Ndiyo maana sikukushauri uombe. Ukiongeza hii, inavuka."

Nilimwomba arudie.

"Inavuka nusu. Unaweza kuomba kuachiliwa. Ripoti yangu itasema mzigo ulipotea kwa ajali na kwamba fedha hii umeileta mwenyewe."

Nilikaa pale nikiwa na kitu kifuani ambacho sikuwa nimekisikia kwa muda mrefu, kama pale unapovua viatu vilivyokubana kutwa nzima. Sikulia. Nilimwomba chai, na nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka. Akanimiminia.

Nyumbani hawakupokea hivyo. Kaka yangu hakunisemesha siku mbili. Aliniwekea chakula, akaniulizia afya, lakini mazungumzo hakuna. Binti yangu alisema sentensi moja ambayo sijaisahau: "Umewapa watu wa benki chuo changu." Kwa upande mmoja alisema kweli. Nafasi yake ikaenda kwa mwingine. Mwaka ule akakaa nyumbani, akauza maandazi asubuhi shuleni, na kwa miezi kadhaa alinipitia kama mpangaji mwenzake.

Fedha iliingia kwa mfilisi na ikagawanywa. Sehemu kubwa ilikwenda benki na kwa msambazaji, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakidai zaidi. Shoga yangu alipata fungu lake kwa kiasi cha deni lake. Sikuwepo wakati wa kugawa, na sikujua alipokea vipi.

Siku ya kusikilizwa maombi yangu ilifika. Nilivaa baibui mpya ambayo mke wa kaka aliniazima. Kaka yangu alikuja, akakaa nyuma yangu, akakohoa mara moja nijue yupo. Wakili wa benki alikuwepo. Nilipogeuka nikamwona shoga yangu, kiti cha mwisho, karibu na mlango, kama ile siku ya kwanza. Nilijua ana haki ya kupinga, na sikuwa na neno la kumlaumu kama angepinga.

Mfilisi alisoma ripoti yake. Jaji akauliza kama kuna yeyote kati ya wanaonidai mwenye pingamizi. Wakili wa benki akasema hana. Nikafikiri imekwisha, kisha nikasikia kiti kikisogezwa.

"Mheshimiwa, na mimi namdai," alisema shoga yangu. "Naomba niseme."

Jaji akamruhusu.

Alisema kwa sauti yake ile ile ya sokoni, ila chini kidogo. "Mimi nilimpa huyu fedha ya kuezeka nyumba yangu. Nilikasirika sana. Nilikuwa nasema kwa watu kwamba ameficha mali ng'ambo, na wengine walianza kuamini. Mwaka huu niliitwa kuchukua fungu. Nikauliza, hela hii imetoka wapi, si mlishauza kila kitu? Wakaniambia ni kodi yake iliyorudi, ameileta kwa mikono yake mwenyewe, hakuna aliyekuwa akijua. Nikaenda nyumbani nikakaa nikifikiri. Mtu aliyeficha mali haleti kitu ambacho hakuna anayekijua. Pingamizi sina. Ni hayo."

Akakaa. Jaji akaandika kwa muda mrefu, akasema nimeachiliwa. Mengine aliyosema sikuyasikia vizuri. Mfilisi ndiye aliyenieleza baadaye kwamba yaliyobaki katika madeni yale siwezi tena kudaiwa, na kwamba nikitaka kufungua biashara naweza.

Nje ya mahakama kaka yangu alinishika bega akaenda kutafuta bajaji. Shoga yangu alikuwa amesimama kivulini anafunga kamba ya kiatu. Nilimwendea.

"Mwakeye," nilimwambia, Kiha chake alichonifundisha, ile salamu ya asubuhi. Jua lilikuwa limeshapita kichwani.

"Sasa hivi si asubuhi," alisema. "Umesahau yote niliyokufundisha."

"Miaka mitatu sikuwa na wa kuongea naye."

Alisimama akanitazama. "Nilikuwa nakuona unavyozunguka kwa mafundi cherehani usinipitie. Kila nikikuona nilikuwa nasema, leo nitamwita nimtukane. Halafu unapotea."

"Ungeniita."

"Ningekutukana kweli."

Nilimwuliza kuhusu nyumba. Akasema alishaezeka nusu kwa lile fungu, vyumba viwili, na vingine vitangoja. Nikamwambia kile kilichobaki kwenye deni lake nitakilipa, hata kama ni kidogo kidogo.

"Jaji amesema kimefutwa."

"Jaji amefuta kwake. Mimi najua ulinipa."

"Basi usianze leo," alisema. "Leo twende ukanilishe kitu. Sijala tangu asubuhi kwa ajili yako."

Tulikula mgebuka, samaki wa ziwani kwetu, na ugali wa muhogo kwenye kibanda kimoja njia ya kwenda bandarini, yeye, mimi na kaka yangu, ambaye alilipa na akakataa kusikia habari ya kugawana. Shoga yangu aliongea kwa niaba ya wote watatu. Nilikula hadi nikaona aibu. Jioni ile, baada ya magharibi, nililala, na nikaamka jua limeshapanda. Mke wa kaka aliniambia walikuja mara mbili kuangalia kama napumua.

Kilichofuata hakikuwa kikubwa. Nilianza kuuza mafuta ya mawese, madumu machache kutoka kwa wakamuaji wa vijijini, nikiyapeleka kwa akina mama wa Mwanga wanaokaanga. Sikukopa. Binti yangu aliomba chuo tena mwaka uliofuata, akapata, na ada tulilipa kwa awamu, muhula kwa muhula, nyingine akalipa mwenyewe kwa maandazi yake. Siku alipoondoka aliniaga vizuri. Sentensi ile hakuniomba radhi kwa ajili yake na mimi sikumtaka aniombe. Likizo ya kwanza alipokuja alinipima presha na kifaa cha chuo alichokiazima, akanikaripia kuhusu chumvi, na nikaona tumerudi mahali petu.

Deni la shoga yangu nalilipa kwa njia anayoikubali, yaani dumu la mawese kila mwezi kwa matumizi ya nyumbani, kwa kuwa fedha anaikataa. Anasema mawese yangu yana maji. Hayana.

Mwaka wa pili wa mawese nilikadiria mapato kwa matumaini, nikalipa kodi yangu kwa awamu, halafu machikichi, yale matunda yanayokamuliwa mawese, yakawa haba na biashara ikapungua. Mwaka ulipokwisha nikapeleka makaratasi yangu mwenyewe, maana yule mzee mhasibu ameshaacha kazi na anakaa kwa wanawe Kasulu. Dada wa ofisi ya kodi alipiga hesabu, akaniambia nimelipa zaidi ya inavyotakiwa.

Nikajikuta nimeshika ukingo wa meza. "Sasa hiyo iliyozidi inakwenda wapi?"

"Tunaweza kuishusha kwenye kodi yako ya mwaka huu, au ukaomba urudishiwe."

"Arudishiwe nani?"

Alinishangaa. "Wewe, mama. Nani tena?"

Nikamwuliza tena kama kuna mtu mwingine yeyote anayehusika, akatazama kwenye kompyuta yake kwa heshima tu, kwa sababu aliona nina shida fulani, akasema hakuna. Nilimwambia aiache ishushwe kwenye kodi ya mwaka huu. Aligonga muhuri, akanipa nakala. Kiasi chenyewe kisingenunua hata godoro moja.

Nilitoka nikashuka kuelekea Kibirizi, kwa kuwa boti za asubuhi zilikuwa zinaingia na nilitaka samaki wa mchana. Wanawake wa kwenye vichanja wakaniita, mmoja akaniuliza mbona natembea kama mtu aliyeshinda kesi. Nikasema natoka kulipa kodi. Walicheka sana. Nikachagua migebuka minne, nikabishana bei mpaka muuzaji akachoka, nikampa hela yake.